Kutoka Njaa ya Shayiri Hadi Kuku wa Saa Sita Usiku: Mafuta Yalivyoingia Kwenye Sahani ya Mkorea

Wapenzi wa season za Kikorea wanaijua vizuri ile sufuria nyepesi ya rangi ya dhahabu. Dada karudi kazini kachoka, kavua viatu mlangoni, anachemsha tambi zake, kisha anageuza mfuniko wa sufuria kuwa sahani na kuanza kuvuta tambi bila hata kusubiri zipoe. Episodi hiyohiyo utamkuta bosi wake na wafanyakazi wameizunguka meza yenye jiko katikati, vipande vinene vya nyama ya nguruwe vinachuruzika mafuta, mmoja anageuza, mwingine anakata kwa mkasi. Halafu usiku wa manane kengele ya mlangoni inalia: kuku wa kukaanga kaletwa na pikipiki, bia ipo tayari.

Ukitazama sana unaweza kuamini kwamba watu hawa wamekula hivi tangu enzi za wale wafalme wa mapanga na farasi. Wapi! Bibi yake huyo dada, alipokuwa na umri kama wake, chupa ya mafuta ya kupikia ilikuwa kitu cha kupewa zawadi ya sikukuu na kushukuru kwa mikono miwili. Mabadiliko haya yote yamefanyika ndani ya maisha ya mtu mmoja, na wapo wazee wengi Korea Kusini ambao wameyapitia yote, tangu bakuli la shayiri mpaka ndoo ya kuku.

Mwaka wa kuanzia hesabu ni 1969. Mwaka huo serikali ilianza kufanya uchunguzi wa kitaifa wa lishe, na kazi yenyewe ilikuwa ya kupima chakula cha familia nyumba kwa nyumba. Walichokikuta ni hiki: Mkorea wa kawaida alikuwa anapata takriban gramu 17 za mafuta kwa siku. Hizo ni chini kidogo ya vijiko vinne vya chai, na humo ndani yamo mafuta yote, hata yale yaliyojificha kwenye samaki, soya na punje za nafaka. Kwa kuwa gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9, hesabu inakuja kama kalori 150 hivi kati ya 2,100. Kwa lugha nyingine, mafuta yalikuwa yanaleta karibu asilimia 7 tu ya nguvu ya mwili. Zaidi ya asilimia 80 ilitoka kwenye wanga: wali, shayiri, viazi vitamu. Wakati huohuo Mmarekani wa kawaida alikuwa anapata zaidi ya theluthi moja ya kalori zake kwenye mafuta.

Sasa kuna watu wakiona namba kama hizo wanasema, ah, basi wazee wa zamani walikuwa wanakula kiafya. Taratibu. Wakorea wana neno, boritgogae, maana yake ni kama "mlima wa shayiri". Ni ile miezi ya masika ambapo mchele wa mwaka jana umeshaisha ghalani na shayiri ya mwaka huu bado ni mbichi shambani. Kuupita mlima huo ndiko kulikuwa mtihani. Watu walichimba mizizi, wakachuma majani ya porini, wakabandua magome laini ya misonobari wakachanganya na unga kidogo. Huo haukuwa mpango wa lishe, ilikuwa njaa. Mwaka 1970 Mkorea alitarajiwa kuishi miaka 62 hivi. Leo ni zaidi ya 83. Kwa hiyo anayetamani meza ya zamani aitamani yote, pamoja na masika yake.

Kuna jambo moja la kuelewa kuhusu upishi wao. Sio kwamba Wakorea hawakuyapenda mafuta. Waliyaheshimu. Mafuta ya ufuta yalikamuliwa baada ya ufuta kukaangwa, yakatoka na harufu nzito, na mpishi alitia matone machache tu mwishoni kwenye mboga iliyochemshwa, kama mtu anavyojipaka manukato. Kulikuwa na mafuta ya mbegu za perila pia, hasa vijijini. Lakini kumimina mafuta kwenye kikaango mpaka chakula kiogelee, hilo halikuwepo. Chakula kilichemshwa, kilifukizwa, kilichachushwa, kilikaushwa. Kimchi karibu haina mafuta kabisa. Supu ya soya iliyochachushwa ina kidogo. Kukaanga kulikuwa kwa siku maalumu: sikukuu ya mwaka mpya, sikukuu ya mavuno, na tambiko la kuwakumbuka wazee waliofariki. Siku hizo wanawake walikaa chini na kikaango kimoja wakikaanga vipande vya samaki, maboga na tofu vilivyochovywa kwenye yai na unga. Mtoto akinusa mafuta yakilia jikoni alijua kuna sherehe.

Na nyama? Ng'ombe alikuwa ndiye jembe. Chini ya utawala wa Joseon, ambao ulidumu kuanzia 1392 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na amri za mara kwa mara za kuzuia watu kuchinja ng'ombe ovyo, maana ukimla ng'ombe leo nani atalima kesho? Wakubwa waliila nyama hivyohivyo, kama wakubwa wa kila mahali. Mkulima aliiona kwenye mchuzi, kipande kidogo kikichemshwa na maji mengi ili familia nzima ipate ladha.

Halafu ikaja vita ya 1950 hadi 1953, ambayo iliacha nchi kifusi. Karibu na kambi za jeshi la Marekani kulizuka biashara ya masalia ya jikoni. Kule Uijeongbu, mji ulio kaskazini ya Seoul, soseji na nyama za makopo zilizotoka kambini kwa njia za halali na zisizo za halali zilitumbukizwa kwenye mchuzi wa pilipili na kimchi, ukapatikana mchuzi ambao jina lake mpaka leo linamaanisha "mchuzi wa kambi". Leo unauzwa kwenye migahawa yenye viyoyozi. Lakini kulikuwa na ndugu yake maskini zaidi ambaye hana mgahawa: uji wa masalia, ambao watu wenyewe waliuita uji wa nguruwe. Kila kilichobaki kwenye sahani za askari kilichemshwa upya na kuuzwa kwa bakuli sokoni. Watu walipanga foleni. Kwa wengi hapo ndipo walipoonja mafuta ya Kimagharibi kwa mara ya kwanza, kwenye makombo ya mtu mwingine.

Hadithi inayosimuliwa sana Korea ni kwamba mfanyabiashara mmoja aliyekuwa kwenye bima aliiona foleni hiyo katika soko la Namdaemun, akashindwa kuisahau. Alivuka kwenda Japani, akaomba kampuni moja ya huko imfundishe kutengeneza tambi za papo kwa papo, akarudi na mashine. Septemba 15, 1963 pakiti ya kwanza ya Samyang ikaingia sokoni kwa won 10. Mwanzoni watu hawakuielewa. Waliona tambi zimekauka na kujikunja kama uzi wa sweta lililofumuliwa, wengine wakadhani ni kitambaa. Ilibidi kampuni izipike hadharani na kuonjesha watu bure.

Kitu ambacho wengi hawakioni kwenye pakiti hiyo ni namna inavyokaushwa. Tambi zinafukizwa, kisha zinatumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Maji yanatoka kwenye unga, mafuta yanaingia kwenye vile vitundu vilivyoachwa na maji. Ndiyo maana zinakaa miezi bila kuharibika na ndiyo maana zinaiva upesi. Pakiti ya leo ya gramu 120 inabeba mafuta ya gramu 16 hivi. Rudi kwenye zile gramu 17 za mwaka 1969: pakiti moja ya tambi, ile anayokula dada wa kwenye season akiwa na msongo wa mawazo, ina mafuta karibu sawa na aliyokula bibi yake kutwa nzima.

Serikali ililisukuma jambo hili kwa nguvu zote. Mchele haukutosha, na ngano ya msaada ilikuwa inaingia kutoka Marekani, kwa hiyo wananchi waliambiwa wale unga na nafaka mchanganyiko. Migahawa ilikatazwa kuuza wali siku mbili za wiki mchana. Shuleni mwalimu alipita dawati kwa dawati akifunua makopo ya chakula ya wanafunzi kuhakikisha wali umechanganywa na shayiri. Watoto wa wenye nacho walijua ujanja: shayiri inatandazwa juu, mchele mweupe unabaki chini. Pombe ya kienyeji ya mchele ilipigwa marufuku isitengenezwe kwa mchele. Mpaka mbegu mpya za mpunga zilipoleta mavuno makubwa katikati ya miaka ya 1970, vizazi viwili vilikuwa vimeshazoea tambi.

Miaka ya mwanzo ya 1970 ndipo viwanda vikubwa vya kukamua soya vilipoanza kujaza maduka mafuta ya kupikia. Hapa kuna mnyororo ambao haujadiliwi sana. Ukikamua soya unapata vitu viwili: mafuta, na mashudu. Mashudu ni chakula kizuri cha kuku na nguruwe. Kwa hiyo kiwanda kimoja kilileta mafuta ya kukaangia na pia kikanenepesha kile kitakachokaangwa. Kuku wa kisasa na kikaango chake walitoka kwenye gunia moja.

Ndiyo miaka ambayo zawadi za sikukuu zilibadilika. Muongo uliotangulia ukimpelekea mtu sukari ulikuwa umempa heshima kubwa. Sasa ikawa boksi la mafuta ya kupikia, sabuni, kahawa. Kahawa nayo usiipite hivihivi. Mwaka 1976 Wakorea walianza kuuza kahawa ya paketi iliyochanganywa kabisa, kahawa, sukari na ule unga mweupe wa kuweka badala ya maziwa. Unga huo una mafuta mengi ya mimea yaliyogandishwa, kama ya nazi. Watu waliosema hawali mafuta waliyanywa, vikombe viwili vitatu kwa siku, na bado wanayanywa.

Nguruwe ana hadithi yake. Kile kipande kinachopendwa, nyama ya tumbo, kinaitwa samgyeopsal, yaani nyama ya tabaka tatu, kwa jinsi mafuta na nyama vinavyopangana kama nguo zilizokunjwa. Wapenzi wa kitimoto wa Dar wangeelewana na Wakorea hapa bila mkalimani. Lakini zamani nguruwe alionekana nyama ya daraja la chini ukilinganisha na ng'ombe, ana harufu, analishwa makombo. Kilichombadilisha ni ufugaji wa kisasa wa miaka ya 1970 na kuendelea, pamoja na biashara ya nje. Wajapani walinunua zile sehemu nyembamba zisizo na mafuta, zinazofaa kwa nyama yao ya kukaanga. Sehemu nyingine zikabaki nyumbani kwa bei nafuu. Wanahistoria wa chakula wanabishana ni kwa kiasi gani hilo pekee linaeleza mapenzi haya, na wana haki ya kubishana, maana mtu hawezi kupenda kitu kwa miaka hamsini kwa sababu tu kiliwahi kuwa rahisi. Ila bei ilifungua mlango.

Wachimba makaa ya mawe wa mkoa wa Gangwon wana maelezo yao wenyewe. Wao waliamini kwamba mafuta ya nguruwe yanateremsha vumbi la makaa kooni na mapafuni. Wakitoka shimoni walikula nyama ya tumbo wakaisukuma kwa pombe kali. Kitaalamu chakula hakipiti kwenye mapafu, na ugonjwa wa vumbi uliwaua wengi wao pamoja na nyama yote waliyokula. Lakini mtu anayeshuka shimoni kila siku akijua kinachomsubiri, ukimwambia hicho kipande hakimsaidii, utakuwa umemnyang'anya nini? Imani hiyo ilienea hadi mijini, na mpaka leo siku vumbi la manjano linapovuma kutoka upande wa China, wauzaji wa nyama ya tumbo hawalalamiki.

Katikati ya ulaji huu mpya kulitokea kesi iliyotikisa nchi nzima. Novemba 1989 waendesha mashtaka walitangaza kwamba kampuni kadhaa za chakula, ile ya kwanza ya tambi ikiwemo, zinakaangia bidhaa zao shahamu ya ng'ombe ya daraja la viwandani iliyoagizwa kutoka Marekani. Neno "viwandani" lilitosha. Watu walifikiria sabuni na mishumaa. Pakiti zilirudishwa kwa malori, wakuu wa kampuni wakakamatwa, wafanyakazi wakapoteza kazi. Kumbe daraja hilo lilihusu namna Wamarekani wanavyopanga mafuta ambayo wao wenyewe hawayapendi kwa chakula, yakisafishwa yanalika. Wizara ya afya yenyewe ilisema hayana madhara, lakini nani anasikiliza wizara wakati magazeti yameshapiga kelele? Kesi iliburutwa mpaka 1997, Mahakama Kuu ya nchi ikawaona hawana hatia. Wakati huo mnunuzi alikuwa ameshahamia kwa mshindani, na viwanda karibu vyote vilikuwa vimehamia kwenye mawese.

Ukiangalia kiafya, ubadilishaji huo haukuwa na faida ya kujivunia. Mawese na shahamu ya ng'ombe yote yana mafuta mengi ya aina inayoganda, karibu nusu kwa nusu. Taifa zima lilibadilisha mafuta ya tambi zake kwa sababu ya neno moja kwenye hati ya forodha. Na mwaka 2025, Novemba 3 ileile, kampuni hiyo ilitoa tambi mpya zenye jina la mwaka wake wa kuzaliwa, 1963, zilizokaangwa kwa mafuta yenye shahamu ya ng'ombe ndani yake. Miaka 36 ilikuwa imepita. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa bahati.

Kuku ndiye aliyekuja kumaliza kazi. Duka la kwanza la kuku wa kukaanga la mtindo wa matawi lilifunguliwa Seoul mwaka 1977, ndani ya jengo kubwa la maduka. Miaka michache baadaye huko Daegu wakaanza kumpaka kuku sosi tamu yenye pilipili. KFC ikafika 1984, McDonald's 1988, mwaka wa Olimpiki ya Seoul. Bado kuku alikuwa kitu cha siku ya mshahara: baba kalewa kidogo, anaingia nyumbani na mfuko wa karatasi uliolowa mafuta, watoto wanaamshwa. Ukimkuta Mkorea wa miaka hamsini sasa, muulize kuhusu mfuko ule.

Kisha ukaja mwishoni mwa 1997, msukosuko wa fedha ambao Wakorea wanauita kwa jina la IMF mpaka leo. Mabenki yalifungwa, makampuni makubwa yakaanguka, watu waliodhani wana ajira ya maisha wakapunguzwa kazi wakiwa na miaka arobaini na kitu. Kiinua mgongo mkononi, watoto wako shule, umri umekwenda. Wafanye nini? Kuku. Duka la kuku halikudai ujuzi mkubwa. Kampuni mama inakuletea kuku aliyekatwa, unga, mafuta, sosi na mafunzo ya muda mfupi. Mhasibu wa jana leo yuko nyuma ya kikaango. Kombe la Dunia la 2002 likawapa soko, nchi nzima mitaani na kwenye luninga, kila mechi na kuku wake na bia yake. Kufikia 2019 ripoti ya taasisi moja kubwa ya fedha ilihesabu maduka ya kuku zaidi ya 80,000 katika nchi yenye watu milioni 50 na kidogo. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba maduka yanayofungwa kwa mwaka yamezidi yanayofunguliwa. Nyuma ya kila ndoo ya kuku kwenye season kuna mtu aliyesimama mbele ya mafuta ya moto saa kumi na mbili kwa siku kwa sababu hakuajirika tena. Wakorea wenyewe wanafanyia utani: usome uhandisi, usome biashara, mwisho wa safari ni duka la kuku. Utani wa kuuma huo.

Turudi kwenye namba. Uchunguzi mpya wa taifa wa afya na lishe ulianza 1998, ukiwauliza watu mmoja mmoja wamekula nini saa 24 zilizopita, tofauti na ule wa zamani wa kupima chakula cha nyumba nzima. Kwa hiyo kuzilinganisha namba za 1969 na za leo kunataka uangalifu. Lakini mwelekeo haufichiki. Mwaka 2007 hivi mafuta yalikuwa yanaleta karibu asilimia 18 ya kalori za mtu mzima. Katikati ya miaka ya 2010 ikavuka 20. Miaka ya mwanzo ya 2020 ikasogelea robo. Kwa upande wa pili, mchele ulishuka kutoka kilo 136 kwa mtu kwa mwaka 1970 hadi kilo 56 hivi mwaka 2023, na nyama ya nguruwe, ng'ombe na kuku ikijumlishwa sasa inaupita mchele kwa uzito. Kwa taifa ambalo salamu yake ya zamani ni "umeshakula wali?", hilo si jambo dogo.

Cha kushangaza ni jinsi walivyochelewa. Nchi nyingi zikipata fedha mafuta yanapaa mara moja. Korea ilitajirika mbio, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wake walikuwa bado chini ya asilimia 20 ya kalori kutoka kwenye mafuta. Watafiti wa lishe waliliona hilo na kulitafutia sababu. Sehemu ya jibu ni kimchi na supu, ambazo hazikung'olewa mezani hata nyama ilipokuja. Kuku anakuja na figili zilizolowekwa siki, nyama inafungwa kwenye majani ya saladi. Sehemu nyingine ni kampeni. Mwishoni mwa miaka ya 1980, ushirika wa wakulima ulieneza msemo wa sintoburi, kwamba mwili na udongo wake ni kitu kimoja, kula cha kwenu. Lengo lilikuwa kulinda mazao ya ndani dhidi ya biashara huria, afya ilifuata nyuma. Lakini ilisaidia.

Na je, wameumwa? Jibu limegawanyika, na hapa ndipo mambo yanapata ladha. Unene, kwa kipimo chao cha BMI 25 na kuendelea, ulikuwa kwa asilimia 26 ya watu wazima mwaka 1998, sasa ni 37 hivi. Ila ukitenganisha, wanaume wamepanda mpaka karibu nusu yao, wanawake kwa jumla wamebaki palepale. Wanaume wa ofisini ndio wanaokaa kwenye zile meza za nyama na pombe baada ya kazi, na kukataa mwaliko wa bosi si rahisi. Wanawake vijana wana shinikizo lao la wembamba, ambalo nalo lina majeruhi wake. Wenye kolesteroli ya juu kati ya watu wa miaka 30 na kuendelea waliongezeka takriban mara mbili kati ya 2007 na 2020.

Hata hivyo madaktari wa Korea walikuwa na tatizo ambalo wenzao wa Marekani hawakuwa nalo. Waliokuwa wanakula mafuta kidogo sana hawakuwa lazima wazima. Mtu anayeshiba wali mweupe kwa asilimia 75 au 80 ya kalori zake mara nyingi hukutwa na mafuta mengi kwenye damu ya aina ya triglisaridi, na upungufu wa ile kolesteroli nzuri. Kwa hiyo wataalamu wao hawakuweka dari tu, waliweka na sakafu: mwaka 2010 mwongozo ulisema mafuta yawe asilimia 15 hadi 25 ya kalori, na 2015 dari likainuliwa mpaka 30. Sakafu ya 15 ikabaki.

Watu wa mtandaoni walilisikia la dari tu. Septemba 2016 televisheni moja ilirusha makala iliyodai kwamba mafuta yamesingiziwa na adui ni wanga. Ndani ya siku chache siagi iliisha madukani. Watu walikula nyama ya tumbo asubuhi, mchana na jioni wakipiga picha mizani zao. Oktoba hiyohiyo vyama vitano vya wataalamu, vya kisukari, vya unene, vya lishe na wenzao, vikatoa tamko la pamoja kuwaonya. Siagi ikarudi madukani taratibu. Vijana wakahamia kwenye kitu kingine.

Wasiotajwa kwenye kelele hizo ni wazee, hasa wanawake wanaoishi peke yao vijijini. Wakati kijana wa miaka ya ishirini Seoul anapata karibu robo ya kalori zake kwenye mafuta, au zaidi, wazee wa miaka 65 na kuendelea wako mbali nyuma, na wengi wao hawafiki hata ile sakafu ya asilimia 15. Wapo ambao meno yamekwisha, nyama inawashinda. Wapo ambao pensheni haitoshi. Na wapo ambao hawana sababu ya kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja. Wanamimina maji kwenye wali wa jana, wanakula na kimchi, basi. Misuli inapungua, mifupa inapungua, mtu akianguka bafuni hainuki.

Wengi wao ni wale waliopanda mlima wa shayiri wakiwa watoto, wakajenga viwanda, wakawapa wanao maziwa na mayai mpaka wakarefuka. Utafiti wa kimataifa uliotoka 2016 ulikuta kwamba wanawake wa Korea Kusini ndio walioongezeka urefu kuliko wanawake wa nchi nyingine yoyote ndani ya miaka mia, sentimita 20. Wajukuu wakija kwenye sikukuu wanaleta boksi la mafuta ya kupikia na makopo ya nyama, bado ndiyo zawadi za kawaida. Bibi anayaweka kabatini. Wakiondoka wanafungashiwa chupa ya mafuta ya ufuta aliyokamuliwa kwenye kinu cha kijijini, kwa ufuta alioupanda mwenyewe, imefungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki isimwagike kwenye basi.